Salama, Ila

Ilizimika ikiwa asilimia arobaini na tatu.
Si tatu. Arobaini na tatu,
katikati ya neno, mdomo wangu wazi,
daktari upande mmoja wa Winnipeg, Mzee Byamungu upande wa pili,
na mimi mkalimani wao, jikoni kwangu, Mtaa wa Sargent,
nimebaki na kioo cheusi na uso wangu ndani yake.

Daktari alikuwa ameuliza: maumivu, kuanzia moja hadi kumi?
Mzee alikuwa amejibu: "Niko muzuri tu, dokta."
Jibu hilo sikuwahi kulivusha.

Nikachomeka waya. Ikaamka bila haya,
ikaniambia: arobaini na tatu.

Usiku, nje hasi thelathini na moja,
niliilaza kifudifudi mezani
kama mtoto anayekaguliwa surua.
Nikaibonyeza pembe: haiyumbi, haijafura.
(Betri iliyofura haina mjadala, hutolewa nyumbani kama bomu.)
Kisha nikaandika amri moja, ikanitolea ripoti:
ilizaliwa na miliwati-saa elfu hamsini na saba;
leo, ikishiba kabisa, haifiki elfu thelathini na mbili.
Mizunguko ya chaji: mia nane na kumi na miwili.
Na Orest aliyeniuzia aliapa
ilikuwa ya mama mmoja wa kanisani,
haguswi nayo ila Jumapili.
Hiyo ni miaka kumi na mitano ya ibada, Orest.

Lakini uzee si uongo. Uzee ningeusamehe.
Kilichoniudhi ni kipimo,
kile kijinamba cha pembeni chenye adabu za kwetu:
ukikipigia hodi, "salama".
Kwetu mgonjwa yuko kitandani, dripu mkononi,
ukimjulia hali anajibu kwanza "sijambo",
ndipo, chai ikishanywewa nusu, inakuja "ila".
Sijambo, ila mguu.
Salama, ila usiku silali.
Betri hii ilijifunza nusu ya kwanza ya salamu.

Dawa yake ni subira.
Ijaze hadi mia, iache ipoe saa mbili.
Chomoa. Iangalie ikiisha, usiingilie.
Nikaikataza kusinzia, nikapandisha mwanga hadi mwisho,
nikaifungulia picha za harusi ya Kidawa zijirudie,
nikaketi na kalamu.
Saa nne kasorobo: sabini.
Saa nne na robo: hamsini na nane.
Saa tano kasoro dakika tano: arobaini na nne. Kidawa ameshika kisu.
Saa tano kasoro dakika mbili: sita.
Keki haikukatwa.

Nikaiacha gizani saa tano nzima, mimi nikalala kwenye kochi na koti mwilini.
Alfajiri nikaijaza, sikuigusa.
Jumamosi nikarudia yote tangu mwanzo.
Safari hii ilishuka ngazi moja moja, kama mtu mzima,
na Kidawa alikata keki, akamlisha bwana, akacheka.

Haikupona. Sitaki mtu adhani ilipona.
Saa zake mbili zimebaki mbili.
Ila sasa ikisema kumi, ni kumi,
na ikifika saba hunipigia kelele
nami nina muda wa kutafuta waya.

Jumatatu tukakutana tena, nyuso tatu kwenye kioo.
Daktari akarudia swali lake.
"Niko muzuri tu," akasema Mzee Byamungu.
Nikatafsiri kama lilivyo. Ndiyo kazi, siongezi, sipunguzi.
Daktari akaanza kuandika.
Nikamwomba, kwa ruhusa yake, asubiri kidogo,
asiuguse ule ukimya.

Themanini na nane.
Themanini na saba. Mzee alivua kofia yake ya sufu,
akaigeuza ndani nje, akaigeuza tena.
Themanini na sita.

"Lakini," akasema. Kwao ila ni lakini.
"Lakini huu mugongo, dokta. Usiku."