Shuka la Hilaria

Kila mita mia mbili tunatundika shuka lile lile
la kitanda cha marehemu mama yake,
taa nyuma, sisi mbele na daftari.
Hilaria Ccahuana huhesabu nondo kwa Kikechua,
mimi naandika kwa Kihispania,
nyumbu wangu huhesabu kwa mkia.

Bondeni, penye mto na joto la kunata,
walitua aina mia mbili na kumi.
Nikasema: juu huko baridi tu,
watapungua ngazi kwa ngazi.
Akacheka. "Panda kwanza."

Tukapanda hadi ndani ya wingu,
ambako mti haujui gome lake linaishia wapi
na kuvumwani inaanzia wapi,
tawi moja limebeba okidi, kangaga,
na chura asiyezidi ukucha.
Mia tatu arobaini na saba!
Wengine rangi ya kutu, mmoja kijani cha chupa iliyovunjika,
mmoja mweupe hata tukamhesabu kwa kivuli chake.

Kwa nini hapa?
"Wa bondeni hukomea hapa wakikwea,
wa kileleni hukomea hapa wakishuka."
Kisha akakamua pindo la shali, maji yakatiririka.
"Na hii. Kiangazi hakijawahi kulala hapa."

Juu zaidi hewa ikawa nyembamba, na mlima pia:
rundo la mahindi, chini pana, juu ncha.
Mita elfu tatu na mia sita, ishirini na wawili,
wamejaa manyoya kama waliovaa sweta za kufuma.
Maskini, nikasema.
"Usiwahurumie kwa uchache. Hawa hawapo kwingine.
Baridi imewafungia mlango
hata wamesahau binamu zao wa mlima wa pili."

Huu mwaka wa tisa. Shuka lina viraka.
Juzi, mita elfu tatu, akatua yule wa kijani cha chupa.
Hilaria akataka nirudie namba. Nikarudia.
Hakusema kitu.
Mama yake alilima viazi tuta la tatu;
kaka yake sasa yuko la saba,
na ugonjwa wa majani unamfuata.

Mpanda ngazi hushuka, husema watu.
Wenye sweta hawana pa kushukia:
chini pamejaa, juu ni nyasi, jiwe,
kisha anga.

Jana usiku, kileleni, kumi na tisa.
Tuliiacha taa ikiwaka hadi mafuta yakaisha,
tukisingizia kwamba ni upepo
uliowachelewesha wale watatu.