Nyota na Reli

Flashi ilikuja imefungwa kwenye pindo la kanga,
mafundo mawili, kama pesa ya mchango.
"Aliandika shangazi," Lameki Chilongani akasema,
"mpaka juma lile la mwisho. Mchapishaji anataka Word,
herufi saizi kumi na mbili, nafasi mbili, Ijumaa asubuhi."

Nikafungua. Maandishi matupu.
Hayana fonti, hayana rangi, uzito wake haufiki picha moja ya harusi:
miaka arobaini ya mvua ya Hombolo,
karani Yuditha na kopo lake la vipimo.
Mbele ya kila kichwa ameweka reli.
Reli moja, sura. Reli mbili, kipande cha sura.
Neno alilotaka lisomwe kwa mkazo, kalizungushia nyota.
Nilicheka kidogo. Nyota, reli,
kama mtu anayeomba salio kwenye simu
na mtandao unasumbua.

Duka letu liko Chang'ombe, mlango wa tatu toka mashine ya kusaga.
Upepo wa Agosti unamwaga vumbi kwenye kibodi;
N haiji siku hizi mpaka uigonge mara mbili.
Niliandika amri, mstari mmoja, nikaifuta N ya ziada,
nikabonyeza.

Sekunde mbili.

Reli zikang'oka. Vichwa vikasimama vinene, vya buluu,
buluu ambayo hakuna aliyeiomba.
Nyota zikazimika, na maneno yaliyokuwa katikati yake
yakainama kulia kama uwele uliopigwa na upepo.
Ritifaa ya ng'ombe ikajikunja mfano wa pembe.
Hiyo nikaiacha. Ilipendeza.

Ila ukurasa wa tisa. Yuditha alikuwa ameandika:

1974. Uwele ulikauka ungali na maua.
1981. Tuliuza mbuzi, kisha mlango.
1997. Mvua ilijaza kopo, ikalibeba.

Mashine ikaona namba, ikaona nukta, ikasema: orodha.
Ikawapanga mstarini kama watoto wa shule:
1974, 1975, 1976.
Shida tatu, miaka mitatu, hakuna pengo.

Lameki alisogeza kiti. Alisoma kwa kidole.
"Mimi nimezaliwa kati ya huu na huu," akasema.
"Hapa sipo."

Nikarudi kwenye maandishi matupu.
Baina ya mwaka na nukta nikachomeka mkwaju mdogo,
ule unaoegemea nyuma,
maana yake: hii ni nukta tu, bwana, usinihesabie.
Nikabonyeza tena. Miaka saba ikarudi,
na ndani yake mtoto, na bati jipya, na sijui nini kingine.

Nikadhani tumemaliza. Nikataja bei.
Yeye bado anatazama.
"Na mistari mitupu?"
Mistari gani?
"Mwezi usio na mvua hakuandika sifuri. Aliruka mstari.
Alisema sifuri ni kitu, na yeye hakuona kitu."

Nikaangalia. Kweli. Faili lake lilikuwa na mashimo,
sita hapa, saba pale,
na programu, ukiipa mistari mitupu saba,
hukurudishia nafasi moja, safi, ya aya.
Kwa hilo sikuwa na mkwaju wala amri.
Ningeitafuta, labda ipo. Lakini jioni ilikuwa imefika,
umeme ulishakonyeza mara mbili,
na Lameki alikwisha kuvua kofia.

Basi kwa mkono. Kurasa mia na kumi.
Yeye anasoma kwenye faili la shangazi, mimi nagonga:
Mei.
Juni.
Julai.
Agosti, na vumbi linaingia.
Septemba.
Oktoba.
Nilishanyanyua kidole kwa Novemba, akanishika mkono.
"Ngoja. Hapo ameandika."

Milimita mbili. Usiku. Niliisikia kwenye bati kabla sijaipima.
Neno *niliisikia* lilikuwa na nyota zake.