Kiputo

Machi walimtoa mtoto wa jicho, jicho la kushoto,
wakaweka kioo kidogo ambacho sijawahi kukiona,
na kwa wiki kumi na moja nilisoma namba za matairi
bila kumwita Shomvi.

Kisha cheche. Pembeni, gizani,
kama mtu anachomelea geti mtaa wa pili.
Kisha masizi. Nikafuta uso kwa kanga ya Mwanaidi,
nikafuta tena. Masizi yamo ndani.
Kisha, Jumanne, weusi ukaanza kupanda kutoka chini,
upande wa pua, taratibu,
kama maji ya Msimbazi yanavyoupanda ukuta
pasipo hodi.

"Retina imebanduka," alisema Daktari Nkinda, kule Upanga.
Kubanduka nakujua.
Nimekusema miaka thelathini juu ya viraka vya watu wengine.

Akanichorea nyuma ya risiti: duara,
ndani yake ngozi nyembamba kuliko ya kitunguu.
Kuna tundu. Maji yamepita tunduni, yameinyanyua.

Kuna kupiga sindano ya gesi tu, gesi ikandamize tundu,
lakini jicho lililokwisha kutolewa mtoto wa jicho
huficha vitundu vingine ukingoni kabisa,
na gesi peke yake haivitafuti.
Kuna kufunga mkanda wa silikoni kwa nje,
ukae humo maisha, ukibonyeza ukuta
mpaka ukuta uifuate ngozi.
Na kuna kuingia ndani, kuondoa ule ute unaovuta,
kukagua mzingo mzima, kuchoma kingo kwa leza,
kisha kujaza gesi. Au mafuta,
ila mafuta lazima urudi wayatoe.

"Mimi ningeingia ndani," akasema.
Hakusema litapona.
Zamda aliuliza bei. Mimi niliuliza
kama solusheni wanaiacha ikauke kwanza.
Akacheka, kisha akaona sitanii.
"Inakauka siku kumi. Wewe ukiwa kifudifudi."

Siku kumi, Buguruni,
paji la uso ndani ya tyubu ya pikipiki
niliyoijaza upepo kwa mkono wangu.
Watu wakawa miguu.
Shomvi, kucha zenye grisi.
Mwanaidi, kisigino chenye ufa
ambao kumbe sikuwahi kuuziba wala kuuona.
Mwenye nyumba hakuvua viatu.
Harusi ya mpwa wangu Lushoto ikapita bila mimi:
ndege marufuku, milima marufuku, gesi itavimba.
Hilo sikuhitaji kuelezwa.
Nimeona tairi za malori yanayotoka Iringa.

Usiku, shingo ikiwaka moto, niliwaza karai.
Unazamisha tyubu, unaizungusha polepole,
na pale kinapopanda kiputo
ndipo palipotoboka.
Maisha yangu yote kiputo kilikuwa shahidi wa tundu.
Sasa kimelazwa ndani ya jicho langu
nacho ndicho kiraka.

Wiki ya tatu niliinua uso. Kiputo kikawa mstari
unaoyumba kama wa pima maji ya fundi ujenzi,
juu yake nuru, chini yake ukungu.
Daktari anasema kiko juu. Mimi nakiona chini.
Jicho, anasema, hupokea dunia miguu juu,
sisi ndio huigeuza.
Sikubisha. Nilikuwa nimetoka kuishi na miguu.

Weusi umeondoka. Fremu ya mlango imepinda kidogo,
na Mwanaidi anaapa mlango uko sawa.

Jana Shomvi aliniletea tyubu ya bajaji.
Niliizamisha, nikafumba jicho zima,
nikatazama karai kwa lile la viraka.
Vilikuwepo viputo viwili,
kimoja kikipanda, kimoja kikitetemeka tu,
cheusi, kidogo kama punje ya mtama.
"Wapi, mzee?" Shomvi akauliza.

Nikanyoosha kidole majini
na kwa muda kidogo sikujua
nimeshika kinachovuja
au kinachoziba.