Saa Tatu kwa Saa Tatu

Kanda haikubali kuharakishwa.
Picha za simu huhama kufumba na kufumbua,
lakini kanda ya saa tatu inadai saa zako tatu,
taslimu, bila punguzo.
Basi nimekaa. Nje ni Kutaisi, mvua ya Machi
inachapa bati la roshani,
na mto Rioni unapita na uji wake wa kijivu.

Nimefungua tumbo la deki kwa bisibisi,
nikafuta kichwa chake kwa pamba na spiriti
taratibu, kama anayemtoa mtoto matongotongo.
Deki ni ya jirani yetu Murmani. Aliniambia
ukiibishia, inatafuna. Imeshatafuna moja:
ubatizo wa binamu yangu, mita mbili za utepe
zilizotoka zimejikunja kama maganda ya viazi.
Nilizinyoosha kwa ukucha, nikaunga palipobaki.
Sasa mtoto anainamishwa kwenye maji
na papo hapo amevaa, ana kofia, anakula keki.

Kanda kumi na tisa. Ubavuni, mwandiko wa baba:
ARUSI YA NANULI, imepigwa mstari.
Chini yake, MPIRA.
Chini yake, kwa kalamu nyingine, ARUSI, NUSU.
Kamera ile baba aliibadilisha na injini ya gari letu.
Mama alinuna wiki mbili:
“Injini tungeiuza tukala. Hiyo utaipika na nini, Leri?”
Halafu akaanza kupaka wanja
kila ilipotolewa mkobani.

Kwenye kona ya skrini kompyuta inahesabu
fremu zilizopotea: sifuri, sifuri, nne.
Nne si kitu, hazitoshi hata kupepesa jicho.
Nimeirudisha kanda mara tatu kuzitafuta.

Usiku, kwenye kuhariri, ndipo nikaona.
Mama anafungua mdomo na sauti haijafika.
Mwanzoni imechelewa kidogo, kama iko chumba cha pili;
kufikia dakika ya arobaini ameshanyamaza,
anamega mkate, ndipo inasema,
“Funga mlango, baridi.”
Miaka sita kaburini,
na sauti yake bado iko njiani.

Mlango ndio ulionisaidia.
Ulijibamiza mara mbili: kwanza machoni, kisha masikioni.
Nikauvuta mshindo kwa kipanya, fremu kwa fremu,
nikazidisha, nikarudisha,
mpaka mishindo miwili ikawa mmoja
na mama akawa anasema anachosema.

Kaka yangu Gela, aliyeko Bremen, anataka dakika kumi
za kuwaonyesha wanawe. “Weka na muziki,” anasema.
Nimekata mpira. Nimekata hotuba za mjomba,
glasi juu, glasi juu, machozi, glasi juu.
Nanuli nimemwacha anapotafuta kiatu chake chini ya meza.

Halafu kuna ile ya majira ya baridi, umeme ulipokatika
na baba, kwa kusahau au kwa ubishi, hakuizima kamera.
Dakika kumi na moja za weusi.
“Giza la nini?” Gela aliuliza kwenye simu. “Futa.”

Nilivaa spika za masikioni.
Kiberiti kinakwaruza, hakiwaki. Kinakwaruza. Mtu anacheka.
Kuni zinapasuka ndani ya jiko la bati.
Kisha nyayo za mama zinaizunguka meza,
na yeye anatuhesabu kwa kugusa vichwa,
kama kwamba giza lingeweza kuiba mmoja:
moja. Mbili.

Nilizima taa ya mezani
ili chumba na skrini viwe rangi moja.
Tatu, alisema, karibu kabisa,
nami nikainamisha kichwa.
Nilikuwa wa nne.