Kijani cha Ramani

Miaka kumi na minne nimepasua mbao Mafinga.
Msumeno ukanila kidole cha shahada,
tajiri akalipa bandeji na soda moja.
Hela nyingine nimezichuma kwa vile tisa vilivyobaki,
na Lediana akazificha ndani ya pipa la ulezi
mpaka noti zikanuka pombe isiyopikwa.

Ngimbudzi dalali alitupokea Iringa alfajiri,
ukungu ungali umekalia mawe kama kuku kwenye mayai.
"Kamwene," akaniambia, "leo unakuwa mtu."
Akapima kwa miguu: hatua fupi, hesabu ndefu.
"Ishirini kwa arobaini. Maji karibu. Umeme ule pale, unakuja."
Nguzo aliyoionyesha ilikuwa imeota kuvu.

Bondeni, udongo mweusi, laini,
matuta ya vinyungu, kabichi za kiangazi,
matete, na vyura wakibishana mchana kweupe.
Mimi nikaona sebule. Nikaona bati jekundu.
Nikasimama mlangoni pa nyumba isiyokuwepo
nikakung'uta viatu.

Mama Kikoti mwenye shamba hakusema uongo.
Alisema: "Hapa bibi yangu alilima, mama akalima,
mimi mgongo umekataa." Basi.
Hakutaja nyumba. Neno nyumba lilikuwa la Ngimbudzi,
na langu.

Kidau cha wino kilishafunguliwa
Lediana alipouliza:
"Kwenye vitabu vya serikali, hapa panaitwaje?"
Ngimbudzi akacheka. "Shemeji, ardhi ni ardhi."
"Na ng'ombe ni ng'ombe," akajibu,
"ila kamkamue dume, uone."

Ofisi ya ardhi, dirisha la tatu,
mafaili yamefungwa kwa kamba ya katani.
Sekela Mwambene akakunjua ramani, akaibana
kwa stepla upande huu, kikombe cha chai upande ule.
Palikuwa na njano, ambapo watu wajenge,
na zambarau ya kiwanda ambacho bado hakijaota.
"Chenu kipo wapi?"
Nikanyoosha kidole nisichokuwa nacho,
nikakumbuka, nikatumia cha kati.
Kikatua kwenye kijani.

Nikafurahi! Mwenzenu mtu wa miti:
kwangu kijani ni mali iliyosimama,
ni ada ya shule yenye majani.
Sekela akatikisa kichwa.
"Kijani hiki ni cha kuachwa, baba.
Mita sitini kutoka mtoni, huku na huku.
Hata hizo kabichi zinaishi kwa huruma
ya macho yaliyofumbwa."

Ngimbudzi hakukata tamaa.
"Si matumizi hubadilishwa? Fomu si ipo?"
"Ipo," akasema Sekela, akipuliza chai.
"Ila mto haujawahi kuijaza."

Tulirudi kwa njia ya bondeni, sijui kwa nini.
Nikasimama pale pale, sebuleni pangu,
maji yakapanda taratibu kwenye tundu la buti.
Vyura walikuwa bado wanazungumza,
na safari hii sikuwakatiza.
Aibu ilinishika, mimi
ninayejua mti uliooza ndani kwa mlio wa shoka:
bonde lilikuwa limenieleza tangu asubuhi.

Mama Kikoti alitupa kabichi mbili, bila bei.
Hakuuliza kitu. Aliinama tena
na ule mgongo uliokataa.

Noti zimerudi kwenye ulezi.
Lediana ameanza kuulizia kule juu, kwenye mawe,
penye njano: bei mara mbili, kiwanja nusu,
na maji ya kubeba kichwani.
Nimenung'unika, sitaficha.
Usiku nimeliangalia dole gumba langu kwenye kibatari.
Limechubuka, lina utomvu wa msonobari kwenye ukucha.
Wino, halina.