Katoni Chini ya Injini

Kilomita laki nne, elfu kumi na mbili,
mia tatu na sita.
Nikazisoma, nikavaa miwani,
nikazisoma tena.

"Hazijaguswa," akasema Mama Nasimiyu,
leso begani, ufunguo kaufumbata
kama mtu aliyeshika kifaranga.
Marehemu Mukhwana alikuwa mpimaji ardhi.
Alikwenda na Prado hii kupima mipaka ya watu
hadi kule Lodwar, akarudi na mchanga
ambao mpaka leo uko chini ya zulia, upande wa dereva.
Niliuchota kidogo. Mwekundu, mkavu,
hauna jamaa hapa Buruburu.

Kwenye yadi za Barabara ya Ngong nilionyeshwa mengine,
yamepakwa mafuta yakang'aa kama maharusi,
na yote yametembea elfu themanini.
Yote.
Kana kwamba kule Japani watu
walikuwa wakiyaosha tu na kuyatazama.

Mume wangu hakutoka ndani ya Vitz.
"Laki nne? Hata punda hustaafu.
Rahisi huvunja upishi, Mama Adero."
Nikamjibu, kipya kinyemi.
Sikumalizia. Kidonda anakijua:
ndiye aliyeisukuma hiyo Vitz mwezi wa nne, Kamulu,
udongo mweusi umemvua kiatu,
trei arubaini za mayai zikimtazama
kupitia kioo cha nyuma.

Fundi Musembi alijilaza kwenye saruji
akaingia chini, miguu tu ikabaki duniani.
Sauti ikatoka huko:
"Chesisi nzima. Kutu ni ya juu juu.
Bushi za mbele, kwisha.
Rejeta imewahi kuchomelewa, na aliyechomelea
alikuwa na haraka."
Kisha kimya.
"Halafu hapa pana unyevu."
Unyevu gani?
"Mafuta. Labda ni ya jana, labda ni ya kila siku.
Sitaki kukudanganya. Mama, una katoni?"

Mama Nasimiyu akaleta moja, ya sabuni ya mche,
akaikanyaga ikalala bapa.
Musembi akaisukuma chini ya injini.
"Mwacheni alale hapo. Asubuhi atasema mwenyewe."

Usiku nilikaa mezani na karatasi ya Sako.
Nikageuza kila kitu kuwa mayai:
bushi, trei kumi na tano;
tairi nne, trei mia mbili;
bima sikuimaliza, kuku wenyewe wangegoma.
Oduor alikuwa macho, akijifanya analala.
"Mia tatu na sita," akasema gizani,
"hizo sita alikuwa anakwenda wapi?"
Sikuwa na jibu. Nilizima taa.

Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa langoni.
Nilimkuta tayari amechuchumaa,
gauni la kulalia, tochi ya simu,
uso karibu uguse bampa.
"Matatu," akasema kabla sijauliza.

Sasa, Mama Nasimiyu huuza sabuni.
Mlangoni pake, hatua nne kutoka hapo,
zilipangwa katoni nyingine kama hiyo,
safi, kavu, hazina hata doa.
Niliziona. Naye aliniona nikiziona.

"Mzee alikuwa akiongeza kila mwezi," akasema,
"glasi moja. Ile ya bluu, yenye ufa.
Hatukuinywea chai tena.
Ukichukua gari, chukua na glasi."

Nikasema laki saba.
Akasema laki nane na nusu.
Hakuna aliyeinuka.
Nikachuchumaa kando yake, magoti yakalia,
nikahesabu na mimi kwenye katoni:
matatu, meusi, mapana kama vifungo vya koti.
Na juu yake, kwenye ncha ya bolti,
la nne likining'inia,
likijaa polepole,
halijaamua.