Ng'ombe Hawakulala Zizi Moja

Nilichora ubaoni duara saba na mishale,
nikasema: hizi mashine, hii njia ya ujumbe,
hapo ndipo nikakumbuka Wendo haoni ubao.
Darasa zima likasikia chaki ikiwekwa mezani.

Nikaanza upya, kwa mdomo.
Babu yangu wa Kigwe alikuwa na ng'ombe arobaini,
na zizini kwake ungehesabu tisa.
Wengine walilala kwa marafiki, Bahi, Manyoni,
jike mmoja mwekundu hadi Hombolo kwa mtani wake.
Mtoza kodi alimwandika maskini.
Ndigana ilipoingia Kigwe ikafagia zizi,
babu alilia siku mbili; ya tatu akashika fimbo
akaenda kuhesabu waliobaki kwa watu.

"Huo ni mgawo, mwalimu, si nakala,"
akasema Wendo Chilatu, vidole vikiwa juu ya nukta nundu.
"Yule mwekundu akifa Hombolo, amekufa.
Hakuna mwekundu mwingine Bahi."
Mfano wangu ulikuwa na tundu,
na yeye ndiye aliyepapasa akalikuta.

Kompyuta yake humsomea kwa kasi
ya mnadi wa Msalato aliyeona mvua inakuja.
Sisi tunasikia nyuki, yeye anasikia mabano,
nukta, nafasi iliyosahauliwa mstari wa themanini.
Ila ikifika kwenye Ng'ong'ona,
kijiji kilicho hapo chini ya kilima chetu,
sauti ile ya kigeni hujing'ata ulimi,
na Wendo hucheka mpaka anavua spika za masikioni.

Januari mbuga ya Bahi ikawa ziwa.
Mnara ulinyamaza siku tisa.
Zahanati saba, kila moja na kimashine chake
kidogo kama Biblia, kikila jua la paa,
kila kimoja kikaandika peke yake gizani:
chanjo, homa, uzito, mimba ya miezi sita.

Siku ya kumi mashine zikaanza kuamkiana.
Zilisimuliana usiku kucha, zikakubaliana,
isipokuwa mahali pamoja.
Chali ilisema: Mtoto wa Mbeleje, kilo tano na robo.
Mpamantwa ikasema: Mtoto wa Mbeleje, kilo nne.
Tarehe ileile. Asubuhi ileile.

Kanuni ilikuwa fupi, niliiandika mimi:
iliyochelewa ishinde, nyingine ifutwe.
Wendo akaizuia.
"Saa ya Chali iko nyuma dakika arobaini
tangu betri ilipokufa. Unamuuliza shahidi mlevi.
Usiulize saa ngapi. Uliza nani alikuwa amemsikia nani."
Tukapekua. Hakuna aliyemsikia mwenzake.
"Basi hakuna wa kwanza wala wa mwisho.
Weka zote mbili. Mpigie muuguzi."

Muuguzi Ndahani alijibu huku akitafuna kitu.
"Mbeleje? Si alijifungua pacha!
Maji yalipopanda mmoja alikuwa kwa bibi,
hawajapewa majina, wanangoja baba arudi Mererani."

Sikusema neno.
Nilitazama mstari wangu, maneno sita safi,
uliopita majaribio yote mia na ishirini,
na ambao ungemfuta mtoto wa kilo nne,
yule yule aliyehitaji uji wa lishe,
bila kelele, bila kosa lolote kuonekana kwenye kioo.

Siku hizi sichori. Duara ni vifuniko vya soda,
mishale ni kamba ya katani, fundo ni ujumbe uliokwama,
na wenye macho hufumba macho kwanza,
wakalalamika, wakazoea.
Wendo hupita nyuma yao akigusa mafundo.
"Hapa umefunga mapema," anamwambia mmoja. "Fungua."

Wale pacha wamepata majina, sijui yapi,
hayo ni yao na kadi zao mbili.
Saa ya Chali bado iko nyuma.
Tumeiacha.